Maswali yanayoulizwa mara kwa mara: nyumba ya shambani wakati wa baridi inayobadilikabadilika

Majibu haya ni ya mtu anayeishi mbali na mji, mahali ambako theluji inaanguka leo, kesho inanyesha mvua, na keshokutwa asubuhi kila kitu kimeganda. Jirani yuko mbali, barabara husafishwa kwa kuchelewa, na fundi hawezi kufika usiku. Karibu kila jibu linarudi kwenye jambo moja ambalo naona halipewi uzito wake: baridi inayotulia, hata ikiwa kali, watu huizoea na kujipanga nayo. Inayobomoa nyumba, kuvunja watu nyonga na kudhoofisha mifugo ni ile inayovuka nyuzi sifuri kwenda na kurudi. Vipimo vyote vya joto hapa ni vya Selsiasi.

Nyuzi 2 juu ya sifuri si afadhali kuliko 10 chini yake?

Mara nyingi si afadhali. Maji yakiganda huongezeka ujazo kwa karibu asilimia 9. Theluji ikiyeyuka mchana, maji yake yanaingia kwenye ufa mdogo wa ngazi ya saruji, chini ya kigae cha paa au kwenye maungio ya ukuta. Usiku yanaganda na kuupanua ufa, na kesho yake yanaingia mengi zaidi. Hali hiyo ikijirudia msimu mzima, ngazi iliyokuwa imara inaanza kumomonyoka. Baridi ya nyuzi 10 chini ya sifuri isiyobadilika haifanyi hivyo, kwa sababu maji hayana nafasi ya kusogea.

Theluji yenyewe nayo hugeuka. Iliyoanguka kwenye baridi kavu ni nyepesi. Mita moja ya ujazo inaweza kuwa na kilo 50 hadi 100 tu, na ukiikanyaga inashika kiatu. Ikinyeshewa na mvua, ujazo uleule unaweza kupita kilo 300. Halafu kuna ardhi. Iliyoganda hainywi maji, kwa hiyo mvua inayoiangukia inateremka moja kwa moja kuelekea msingi wa nyumba. Kabla msimu haujaanza, hakikisha ardhi inayozunguka nyumba ina mteremko wa kupeleka maji mbali, na mifereji ya paa haina majani. Mimi kazi hiyo naiweka mbele ya nyingine zote.

Nitajuaje kwamba hali inakaribia kugeuka?

Soma utabiri wa saa kwa saa, usiridhike na ule wa siku nzima. Kuambiwa kwamba joto litafika nyuzi 4 na kushuka hadi 3 chini ya sifuri hakukusaidii mpaka ujue ni saa ngapi sifuri itavukwa, na kama saa hiyo kutakuwa na mvua.

Mbinguni nako kuna habari. Ukiona mwezi umezungukwa na duara hafifu, mawingu membamba ya juu yameanza kutanda, na kipimo cha mgandamizo wa hewa kinashuka, basi kuna uwezekano mkubwa hewa ya joto inakuja na mvua au theluji imeifuata. Hewa baridi inayoingia nyuma ya mvua ndiyo ya kuogopwa zaidi, kwa kuwa huja kwa kasi; joto linaweza kuporomoka nyuzi 10 au zaidi kwa saa chache, na yale maji yote yaliyotapakaa uani yakawa kioo kabla ya chakula cha jioni.

Nunua kipimajoto chako mwenyewe na ukitundike nje upande usiopigwa na jua. Vituo vya hali ya hewa hupima joto la hewa juu kidogo ya ardhi, kwenye usawa wa kichwa cha mtu hivi, lakini usiku usio na mawingu wala upepo uso wa ardhi hupoa kuliko hewa iliyo juu yake. Ndiyo maana unaamka unakuta sakitu nyeupe kwenye kioo cha gari na majani yakivunjika chini ya kiatu, huku simu inasema nyuzi 2 juu ya sifuri. Hewa baridi pia ni nzito, hutiririka na kutulia bondeni. Nyumba ya bondeni inaweza kuganda usiku ambao ya mlimani haikuganda, na tofauti hiyo huijui mpaka uipime mwenyewe kwa muda.

Mvua inayogeuka barafu ikigusa kitu inatokana na nini?

Matone hupita kwenye tabaka la hewa yenye joto huko juu, kisha yanaingia kwenye tabaka jembamba la hewa iliyo chini ya nyuzi sifuri karibu na ardhi. Hayapati muda wa kuganda angani, kwa hiyo yanafika yakiwa maji, na yakigusa tawi, waya au kizingiti cha mlango yanaganda papo hapo. Kwa macho inaonekana mvua ya kawaida tu, na hapo ndipo watu wanapoteleza.

Barafu ya namna hii ni nzito, na uzito wake unaning'inia mahali pabaya: kwenye nyaya za umeme na matawi. Januari 1998 mvua kama hiyo ilinyesha kwa siku kadhaa mfululizo mashariki mwa Kanada, hasa Quebec na Ontario. Nguzo za umeme na minara mikubwa ya chuma ilianguka, mamilioni ya watu wakabaki gizani, na baadhi ya familia za vijijini zilikaa bila umeme kwa zaidi ya wiki 3. Utabiri ukiitaja mvua hii, usitoke. Jaza maji, chaji simu, ingiza kuni ndani, ondoa gari chini ya mti. Ukikuta waya umeanguka, kaa angalau mita 10 mbali nao na uuhesabu kuwa una umeme hata kama hautoi cheche.

Mabomba yangu hupasuka kila mwaka. Nifanye nini?

Tuanze na kwa nini yanapasuka, maana wengi hufunika mahali pasipo na shida. Barafu ikijiunda katikati ya bomba, inayasukuma maji yaliyonaswa kati yake na koki iliyofungwa. Shinikizo la maji hayo ndilo linalopasua bomba, na mara nyingi ufa hutokea mbali na penye barafu. Ukiiacha koki ikidondosha maji kidogo usiku wa baridi kali, shinikizo hilo linapata pa kutokea. Bili itaongezeka kidogo, lakini huwezi kuilinganisha na sakafu iliyolowa.

Bomba lililo wazi darini, kwenye uvungu wa nyumba au ndani ya ukuta wa nje huwa hatarini joto la nje linapofika karibu nyuzi 7 chini ya sifuri. Upepo unaopenya kwenye tundu dogo unaharakisha mambo. Kwa hiyo usiku wenye upepo zima feni, piga magoti mbele ya kabati la sinki, fungua milango yake na upitishe mgongo wa mkono taratibu pale bomba linapoingia ukutani. Ngozi ya mgongo wa mkono huhisi upepo ambao kiganja hakiuhisi. Ukipata uzi wa hewa baridi, umepata mahali bomba litakapogandia. Ziba tundu hilo kwanza, kisha ndipo uvishe bomba sponji ya kuhami joto. Sponji peke yake haitengenezi joto, inachelewesha tu kupoa. Kama upepo unaendelea kuingia usiku kucha, bomba litaganda ndani ya sponji yake. Milango ya kabati iache wazi usiku wa baridi kali ili joto la chumba liingie, na dawa za kusafishia ziondoe zisifikiwe na watoto.

Likishaganda bila kupasuka, fungua koki kisha anza kulipasha joto kutoka upande wa koki ukielekea penye barafu, ili maji yanayoyeyuka yawe na njia. Tumia mashine ya kukaushia nywele au taulo zilizochovywa kwenye maji ya moto. Moto wa gesi au wa mshumaa usiutumie kamwe. Nyumba nyingi zimeungua hivyo, kwa sababu mbao za ndani ya ukuta huanza kufuka bila mtu kuziona.

Usiondoke barafu inapoyeyuka. Bomba lililopasuka limezibwa na barafu yenyewe, kwa hiyo uharibifu hauonekani wakati wa baridi kali. Unaonekana siku joto linapopanda na kila mtu amefurahi yuko nje. Kila mwenye akili timamu ndani ya nyumba ajue koki kuu ilipo na awe ameshaifunga na kuifungua kwa mkono wake mwenyewe. Koki isiyoguswa miaka mingi hukwama.

Maji yetu ni ya kisima chenye pampu ya umeme. Umeme ukikatika tutaishije?

Weka akiba ya lita 4 kwa kila mtu kwa siku, kwa kunywa na kupikia, na akiba hiyo ikufikishe siku 3 kwa uchache; kwa nyumba iliyo mbali mimi nashauri wiki nzima. Maji ya choo ni hesabu nyingine: jaza ndoo au beseni la kuogea utabiri unapokuwa mbaya, na umwage ndoo moja kwa nguvu kwenye bakuli la choo.

Theluji inaweza kuyeyushwa, ila usiitegemee sana. Theluji mpya ya ndoo kumi hutoa karibu ndoo moja ya maji, na kuiyeyusha kunakula kuni. Anza na maji kidogo chini ya sufuria, la sivyo sufuria itaungua na maji yatakuwa na ladha ya moshi. Ya kunywa yachemshe mpaka yatokote kwa dakika 1, au dakika 3 kama unaishi juu ya mita 2,000.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Pampu ikikataa kuwaka asubuhi ya baridi na umeme upo, usikimbilie kufikiri imeungua. Kagua swichi ya shinikizo iliyo karibu na tangi. Inaunganishwa na kijibomba chembamba sana, na mara nyingi hicho ndicho huganda kabla ya kitu kingine chochote. Kikiganda, swichi haipati habari kwamba shinikizo limeshuka. Kipashe joto taratibu na pampu huamka.

Je, naweza kuwasha jenereta barazani au gereji nikiacha mlango wazi?

Hapana. Tafadhali lisome jibu hili hadi mwisho.

Jenereta, jiko la mkaa na jiko la gesi la kuchomea nyama hutoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Mlango wazi hautoshi, dirisha wazi halitoshi, na baraza iliyozungukwa na kuta pande tatu haitoshi. Jenereta ikae nje, angalau mita 6 kutoka kwenye nyumba, na bomba lake la moshi lielekezwe mbali na milango na madirisha. Dalili za sumu hii zinafanana na mafua bila homa: kichwa kinauma, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kuchoka. Watu wawili au watatu wa nyumba moja wakiumwa kichwa kwa wakati mmoja, na wakipata nafuu wakitoka nje, tokeni nyote mkakae nje na kuita msaada. Msirudi kufungua madirisha kwanza. Aliyelala anaweza kufa bila kuamka, ndiyo maana king'ora cha kaboni monoksaidi chenye betri kinapaswa kuwa karibu na vyumba vya kulala.

Usichomeke jenereta kwenye soketi ya ukutani ili iwashe nyumba nzima. Umeme huo unarudi kwenye nyaya za nje, transfoma inaupandisha, na fundi aliyeko kwenye nguzo akiamini laini imezimwa anauawa. Fundi umeme aliyesajiliwa akufungie swichi ya kubadilishia, ile inayoitenga nyumba na laini ya nje jenereta inapowaka, au tumia waya mrefu wa kuunganisha vifaa kimoja kimoja.

Chakula cha kwenye friji na friza kitadumu muda gani?

Friji isipofunguliwa, karibu saa 4. Friza iliyojaa, saa 48. Iliyojaa nusu, saa 24. Watu huuliza kwa nini wasikitoe tu nje kwenye theluji. Kwa sababu jua la mchana linaweza kukipasha joto hata hewa ikiwa karibu na sifuri, na wanyama watakifikia. Afadhali ugandishe chupa za maji nje usiku kisha uzipange ndani ya friji.

Kuni zangu zinatoa moshi mwingi na jiko halina joto. Tatizo nini?

Karibu kila mara ni unyevu. Kuni nzuri zina unyevu usiozidi asilimia 20, na ili kufika hapo gogo lililopasuliwa huhitaji miezi 6 hadi mwaka, na mti mgumu zaidi ya hapo. Zipange juu ya mbao zisiguse ardhi, funika sehemu ya juu tu, pembeni paachwe wazi upepo upite. Ukizivisha turubai kila upande unazifungia na unyevu wao.

Siku za vuguvugu ndizo zinazochafua dohani, wala si za baridi kali. Joto la nje likipanda, mtu hujaza jiko halafu anabana hewa ili moto usizidi. Moto unafuka badala ya kuwaka, moshi unapanda polepole na kugandisha kreosoti, masizi yanayonata kama lami, kwenye kuta za dohani, na kreosoti hiyo ikishika moto wakati wa baridi kali inayofuata, paa linaweza kwenda nalo. Siku ya vuguvugu washa moto mdogo, uwake kwa nguvu, kisha uache ufe. Dohani iliyopoa pia inavuta vibaya na moshi hurudi chumbani. Washa kwanza karatasi moja karibu na mdomo wa bomba ili hewa iliyotulia humo ipate joto na kupanda, ndipo uwashe kuni. Dohani isafishwe na kukaguliwa angalau mara moja kwa mwaka.

Majivu yatie kwenye ndoo ya chuma yenye mfuniko na uiweke nje mbali na ukuta. Kaa lililofunikwa na majivu linaweza kukaa na moto kwa siku kadhaa.

Chumvi au mchanga, kipi bora kwenye njia inayoteleza?

Inategemea kipimajoto. Chumvi ya kawaida hufanya kazi vizuri mpaka karibu nyuzi 9 chini ya sifuri. Baridi ikizidi hapo inazubaa. Kloridi ya kalsiamu huvumilia baridi kali zaidi. Mchanga hauyeyushi chochote, lakini unashika mguu kwenye joto lolote, haudhuru mimea, na hauingii kisimani kama chumvi. Chumvi pia inachubua saruji na kuuma nyayo za mbwa, kwa hiyo kwa njia ya shambani mimi nachagua mchanga, chumvi nikaiweka akiba kwa ngazi tu.

Muhimu kuliko vyote ni wakati. Theluji iliyolowa iondolewe kabla jua halijazama. Ikiachwa, alama za miguu na matairi zinaganda zilivyo, na asubuhi utahitaji sururu mahali ambapo jana koleo lilitosha. Unapoondoa theluji hiyo nzito, chota kidogo, sukuma badala ya kunyanyua, na upumzike. Kila msimu watu hupatwa na mshtuko wa moyo wakiwa na koleo mkononi. Maumivu ya kifua, mkono au taya si ya kuvumilia. Acha kazi uite msaada.

Vijiti vya barafu vinavyoning'inia kwenye paa ni dalili mbaya?

Vichache havina neno. Safu nene ukingoni ina maana joto la nyumba linavuja darini, linayeyusha theluji iliyo juu ya paa, na maji yakifika kwenye ukingo usio na joto yanaganda. Barafu hiyo inajenga ukuta, maji mengine yanatuama nyuma yake na kupenya chini ya vigae hadi uone doa kwenye dari. Kuigonga kwa shoka kunaharibu paa na kuacha chanzo. Tiba ni kuziba matundu ya darini na kuongeza kihami joto, ukiacha hewa ya nje izunguke chini ya paa.

Kwa theluji nyingi, tumia reki ndefu ya paa ukiwa umesimama chini. Usipande. Milango ya ndani ikianza kukwama ghafla au mbao zikilia, uzito umezidi. Toeni watu nje.

Ng'ombe na kuku wangu wanazaliwa na manyoya. Baridi itawadhuru?

Baridi kavu, kidogo sana. Ng'ombe mwenye afya na manyoya mazito makavu hahitaji chakula cha ziada cha kujipasha joto mpaka baridi ifike karibu nyuzi 8 chini ya sifuri. Manyoya yakilowa, kiwango hicho kinapanda hadi karibu nyuzi 15 juu ya sifuri. Hebu uone ukubwa wa tofauti hiyo: mvua ya nyuzi 3 yenye upepo inamla ng'ombe nguvu kuliko usiku mkavu wa theluji. Kwa hiyo kinachotakiwa ni paa la kujikingia mvua, ukuta au miti ya kuzuia upepo, matandiko makavu, na majani makavu ya kutosha kabla ya dhoruba, kwa sababu kuyasaga tumboni ndiko kunakompa joto.

Maji usiyapuuze. Mnyama asiyekunywa huacha kula, na asiyekula hapati joto. Vunja barafu kwenye birika asubuhi na jioni, au tumia kipasha joto kilichotengenezwa kwa kazi hiyo. Na ukague ardhi: matope yaliyokanyagwa jana yakiganda leo yanakuwa mashimo magumu yanayotegua miguu.

Kuku wanadhurika zaidi na unyevu kuliko baridi. Banda lililozibwa kila tundu hukusanya mvuke wa pumzi na kinyesi, na vilemba vinaganda ncha. Acha matundu ya hewa juu, mbali na wanapolala. Taa ya joto siipendekezi hata kidogo. Ikianguka kwenye majani makavu, banda linaungua na kuku wote ndani.

Tuvaeje siku ambayo asubuhi ni theluji na mchana ni mvua?

Tabaka kadhaa nyembamba, ya ndani iwe ya sufu au kitambaa cha sintetiki. Pamba ikilowa haihifadhi joto. Vua tabaka moja kabla hujatoka jasho, na weka soksi na glavu kavu karibu na mlango.

Mwili ukipoa chini ya nyuzi 35 uko hatarini, na hilo linaweza kutokea hata nje kukiwa juu ya sifuri, mtu akilowa na kupigwa na upepo. Anatetemeka, anaburuta maneno, anadondosha vitu. Akiacha kutetemeka huku amechanganyikiwa, hali imekuwa mbaya zaidi. Mwingize ndani, mvue nguo zilizolowa, mfunike kifua, shingo na kichwa kwanza, mpe kinywaji cha moto chenye sukari kama ana fahamu zake, na uite msaada. Pombe asipewe. Vidole vilivyoganda visisuguliwe, wala visipakwe theluji. Vitiwe kwenye maji ya vuguvugu ya nyuzi 37 hadi 39, na tu kama una hakika havitaganda tena njiani.

Mzee wetu anaishi peke yake na huwa anasema hasikii baridi.

Umri hupunguza uwezo wa kuhisi baridi, kwa hiyo maneno yake ni ya kweli lakini si kipimo. Shirika la Afya Duniani linapendekeza nyumba isipungue nyuzi 18 kwa watu kwa jumla, na kwa mzee au mgonjwa inaweza kuhitajika zaidi. Mwekee kipimajoto kikubwa chumbani, na ukimpigia simu muulize namba, usimuulize kama amepoa.

Kuhusu gari?

Betri hupoteza nguvu kwenye baridi, na matairi hupoteza upepo joto linaposhuka, kwa hiyo vyote vipimwe kila hali inapogeuka. Tangi lisishuke chini ya nusu. Gari la dizeli linahitaji dizeli ya msimu wa baridi, kwani ile ya kawaida hutengeneza nta na kuziba chujio. Madaraja na sehemu zenye kivuli huganda kabla ya barabara nyingine. Ukikwama kwenye theluji, baki garini, safisha mdomo wa bomba la moshi, washa injini dakika 10 hivi kila saa na ufungue dirisha kidogo.

Bwawa limeganda. Watoto wanaweza kucheza juu yake?

Kwenye baridi inayobadilikabadilika, hapana. Kipimo kinachotajwa cha sentimita 10 ni cha barafu mpya, ngumu na yenye uwazi. Barafu nyeupe iliyoyeyuka na kuganda tena ina karibu nusu ya nguvu hiyo, na penye chemchemi au mkondo inaweza kuwa nyembamba hatua mbili tu kutoka ilipo nene.

Tunasafiri wiki moja katikati ya msimu. Tuiacheje nyumba?

Funga koki kuu na uzime pampu. Fungua koki zote, kuanzia ya juu kabisa hadi ya chini kabisa, mpaka maji yaishe, kisha vuta maji ya choo. Kama hita ya maji nayo unaifungia maji, izime kwanza. Joto la nyumba usilishushe chini ya nyuzi 13, hata kama mabomba ni matupu, kwa sababu maji yaliyobaki kwenye mikunjo ya chini ya sinki bado yanaweza kuganda. Nyumba isiyo na joto kabisa itiliwe humo dawa ya kuzuia kuganda isiyo na sumu, ile inayotengenezwa kwa mabomba, na wala si ya injini ya gari. Mwachie jirani ufunguo, mwonyeshe koki kuu, na mwombe apite hasa siku ya kwanza joto litakapopanda juu ya sifuri.